Siku moja maishani mwangu: habari za asubuhi, Des Moines

Saa 8 usiku. Barabara ya 235 nimeachiwa mimi na malori. Redio ya gari iko kituo cha WHO, 1040 AM, kilichoanza mwaka 1924 na yenye nguvu ya wati 50,000. Ronald Reagan alitangaza michezo hapo miaka ya 1930. Cubs, timu ya besiboli, wanacheza Chicago, yeye yuko studio Des Moines, analetewa taarifa za telegrafu na kuzipamba kana kwamba mpira anauona. Wanaodhani vyombo vya habari vimeanza chumvi juzi, ndiyo hivyo.

Mimi ni mtayarishaji wa habari za asubuhi katika kituo kimoja cha televisheni hapa Des Moines, jimbo la Iowa, Marekani. Msinitafute kwenye skrini.

Saa 8:30. Kuandika. Nina saa mbili na nusu za kujaza, na habari zenyewe hazizidi dakika ishirini: ghala limeungua, halmashauri ya jiji imebishania bajeti, lori limepinduka. Kwa hiyo kila habari naiandika mara tatu kwa maneno tofauti. Mtazamaji hakai, anasikiliza huku anapiga mswaki, kisha anatoka.

Saa 10:30 alfajiri. Tuko hewani. Watangazaji wawili, mtaalamu wa hali ya hewa, na kamera zisizo na wapigapicha, maana zinaendeshwa kwa kompyuta kutoka chumba cha pili. Hali ya hewa inarudi kila baada ya dakika kumi. Wenzangu wengine hudharau jambo hilo, lakini ndilo linalotuweka mjini: mzazi anataka kujua mtoto avae koti gani, mkulima kama ataingia shambani na mashine ya kupandia. Siasa za Washington wanazipata popote.

Saa 1 asubuhi. Kipindi cha taifa kutoka New York kinashika, sisi tunabaki na vipande vifupi kila nusu saa. Chai. Matangazo ya magari, mawakili, dawa. Wamiliki nao wako mbali: kituo cha KCCI ni cha kampuni ya Hearst ya New York, KDSM ni cha Sinclair ya Maryland. Mji unaona sura za nyumbani, faida inasafiri.

Saa 3. Kikao. Mtaalamu wetu haipendi rada ya mchana, naambiwa nisiondoke. Hakuna aliyebisha. Upepo wa Agosti 10, 2020 uliolaza mahindi sehemu kubwa ya jimbo bado unazungumzwa, na kimbunga kilichopiga mji wa Greenfield Mei 21, 2024 hakijapoa vinywani.

Saa 7:40 mchana. Ofisi ya Taifa ya Hali ya Hewa, iliyo Johnston hapo jirani, imetoa onyo la kimbunga, si tahadhari tu. Tahadhari ni kwamba hali inaruhusu kimbunga kutokea. Onyo ni kwamba kimeonekana, kwa macho au kwa rada. Tangu 2007 onyo halifuati mipaka ya kaunti, linachorwa kama umbo kwenye ramani, na kazi yetu ni kuwaambia watu kama wamo ndani yake.

Tunakata tamthilia katikati ya maungamo ya mtu. Mtaalamu anavua koti na kuongea bila karatasi, barabara kwa barabara, mji kwa mji, pamoja na vijiji vyenye nyumba thelathini. Mimi niko sikioni mwake. Picha za watazamaji zinamiminika, nusu yake ni za miaka iliyopita, nazichuja moja moja. Katikati narekodi sauti ya haraka kwa kundi letu la WhatsApp, maana familia za Wakongo na Warundi ziko nyingi mjini: "Jamani, wa kaskazini, shukeni chumba cha chini sasa hivi. Kama hamna, ingieni bafu lisilo na dirisha. Msitoke kupiga picha."

Saa 8:35. Onyo limekwisha. Mapaa ya mabanda mawili yameng'oka, hakuna aliyeumia. Simu zinaanza, na si za shukrani. Bibi mmoja amekasirika: kwake hata tone la mvua halikudondoka, na hajui kama yule daktari wa kwenye tamthilia amekiri au la.

"Tutairudia saa 7 usiku, mama."

"Na nani atakuwa macho saa hiyo?"

"Mimi, mama. Ndiyo saa yangu ya kuamka."

Akaniagiza nitazame kwa makini, atapiga asubuhi nimsimulie.