Nimewaona walinzi wa pwani wakicheza na mawimbi

Jamani, bado mwili unanisisimka. Leo tumetoka Portland na mke wangu mpaka Cape Disappointment, jimbo la Washington, pale mto Columbia unapoingia Pasifiki. Upepo mkali, mvua ya kuchapa. Chini ya jabali, boti mbili za uokoaji za walinzi wa pwani wa Marekani zilikuwa mazoezini.

Boti zenyewe ni za alumini, futi 47, mabaharia wanne. Kila mmoja amejifunga mkanda kwenye boti, maana ikipinduka hujigeuza yenyewe chini ya sekunde 10 na kuendelea na kazi. Nahodha halikimbii wimbi kubwa, hulielekezea omo, yaani pua ya boti. Nimeona moja ikipanda mpaka omo ikatazama mawingu, ikadondokea upande wa pili. Nikahesabu: moja, mbili, tatu, nne… ndipo mlingoti ukachomoza. Mke wangu kanishika mkono hata kucha zimeacha alama.

Mimi mtoto wa Unguja. Mv Skagit, iliyozama karibu na Chumbe tarehe 18 Julai 2012, ilikuwa feri ya jimbo hili hili kabla ya kuletwa kwetu. Siku ile nilikuwa bandarini Malindi, pale pale Unguja, nangoja habari za watu wetu. Leo machozi yamenitoka nikiwatazama vijana wale wakirudia zoezi lile lile, tena na tena.

Tuliposhuka, mmoja alikuwa gatini anavua kofia yake ngumu. Binti mdogo, nywele zimelowa chepe, anatetemeka kwa baridi, anacheka.