Siku yangu moja ya kusahihisha: skripti 360, watu wanne

Saa 12 asubuhi nshatoka mtaani kwetu Kisasa, upepo wa Dodoma mwezi wa sita huu unakata kweli, nimejifunga kitenge juu ya sweta nikapanda daladala.

Saa 2 tuko ofisini chuoni, wakufunzi wasaidizi watatu, mimi mmojawapo, na dokta mwenye kosi, yaani anayefundisha somo lenyewe. Skripti (karatasi za majibu ya wanafunzi) 360 za testi, swali moja la insha: kwa nini mwaka 1973 iliamuliwa makao makuu yahamie Dodoma. Nikawaambia jamani leo tusigawane kwanza. Mwaka jana tuligawana kila mtu akaenda kusahihishia kwake, akaja binti mmoja na karatasi mbili, yake na ya mwenzie wa chumba kimoja ila semina (kundi la majadiliano) tofauti, hoja zilezile mifano ileile, yeye 9 mwenzie 14. Akaniuliza, "Mwalimu, niongeze nini?" Nilikosa cha kumjibu, mpaka leo linaniuma. Maksi 5 hizo kwa mtu mwenye jumla ya 47 kwenye kosi nzima ndo tofauti ya C na B.

Saa 3 tukatoa kopi za skripti 6, majina tumeziba, kila mtu anasahihisha zote na maksi anaandika pembeni asione mwenzie. Skripti ya tatu, mimi 8, dokta 11, wenzangu 12 na 15! Yaani karatasi moja. Tukabishana hadi saa 6. Kumbe mwanafunzi kaandika Dodoma ipo katikati ya nchi akaishia hapo, mimi nimempa 1 kwa sababu hajafafanua, mwenzangu kampa 4 zote kwa sababu ni kweli. Mwingine alikuwa anakata maksi za Kiingereza kibovu wakati makingi skimu (mwongozo wa kusahihishia) haisemi chochote kuhusu lugha, na hawa watoto wengi wamesoma shule ya msingi kwa Kiswahili. Tukakubaliana na tukaandika: kutaja hoja 1, kuifafanua 2, mfano 1, na Kiingereza hatukati kama maana inaeleweka.

Saa 7 ugali na mlenda, fasta.

Saa 8 ndo tukagawana. Kila ukimaliza 10 unampa jirani 2 arudie bila kuona maksi zako, mkipishana zaidi ya 2 mnakaa mnaisoma pamoja.

Saa 11 nikaona nimeanza kuwa mkali, mtu mwandiko mbaya tu nishamkasirikia. Nikaenda kunawa uso, nikarudia zile 10 za mwisho, 3 zikapanda. Hao watatu wangeliwa maksi kwa sababu ya uchovu wangu mimi, naandika hili kwa sababu najua siko peke yangu.

Saa 12 jioni tumefunga kabati, zimebaki 214. Kesho kabla ya kugawana tunaanza tena na mbili za pamoja.