Long-EZ yangu: tepe za kona ya pua

Jumamosi. Kwenye Long-EZ, ndege ndogo ninayoijenga mwenyewe, nimelaza tepe tatu za faibaglasi, kila moja upana wa sentimita 5, ndani ya pua, pale vibao vya NG-30 vinapokutana na ukuta wa F-22 (hizo ni namba za vipande kwenye michoro ya ndege). Gurudumu la mbele linashikiliwa hapo, kwa hiyo pua ikigusa ardhi, kishindo chote kinapita kwenye kona hizo. Mkono unaingia hadi kifundo tu, na ukishaingia unaziba mwanga. Unabaki kupapasa.

Wiki iliyopita nilipaka epoksi, gundi inayoganda ikawa ngumu, mle ndani kwa brashi, nikalaza kitambaa kikavu cha faibaglasi juu yake. Nyuzi zilifumuka, zikanasa kwenye glavu, kikakunjamana. Nilikitoa chote kabla hakijaganda.

Safari hii nimelowesha kitambaa mezani, katikati ya karatasi mbili za plastiki. Nimesukuma epoksi mpaka weupe wote ukaisha, kisha nikakamua iliyozidi, maana ile ni uzito usiobeba kitu. Ndipo nikakata tepe pamoja na plastiki yake, mshazari wa digrii 45. Zikikatwa hivyo, zinapinda bila ubishi na nyuzi zote zinavuka kiungo. Zikikatwa kufuata mstari wa nyuzi, nusu ya nyuzi zingelala sambamba na kiungo bila kushika upande wowote.

Kona yenyewe nilishaipiga msasa, nikaijaza uji mzito wa epoksi na chembechembe za kioo, nikaulainisha kwa kidole uwe na mviringo. Kona kali huinua kitambaa, hewa ikabaki chini yake.

Unabandua plastiki ya upande mmoja, unaingiza utepe ukiwa umebebwa na ile nyingine, unaukandamiza, halafu unavuta plastiki polepole. Utepe wa tatu umenitoa jasho. Kidole hakikufika mwisho, nikafunga brashi iliyopunguzwa nywele kwenye kijiti, nikagongagonga huku nikitazama kwa kioo kidogo kama cha daktari wa meno. Nilipoona viputo vya mwisho vinatoka pembeni, nilifurahi kweli.

Jumapili. Imekauka. Nimegonga kwa sarafu kila sentimita: sauti kali, kavu, isipokuwa chini kulia, sehemu ya ukubwa wa ukucha inayoitika kwa uzito. Kuna hewa. Ningeweza kutoboa na kuingiza epoksi kwa sindano, lakini kwenye kiungo cha gurudumu siwezi kulala na shaka hiyo. Nimekata sehemu hiyo na kuiondoa. Kesho jioni msasa, kisha kiraka kinachovuka kingo pande zote.