Macho Yaliona, Nani Alihukumu?

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh, ndugu zangu.

Wiki hii nimeswali nikiwa na hasira moyoni. Nilikuwa nimejiandaa kuzungumzia Aya ya Nuru, na siku kadhaa nilikuwa nikisoma habari za wanazuoni wetu wa kale waliotafiti mwanga na macho. Kabla sijaandika chochote, ikaingia kwenye grupu letu la darsa picha ya mjane tunayemjua sote, ameketi garini na mwanamume. Imepigwa kutoka ng'ambo ya barabara, magharibi imeshaingia, gari linaondoka. Chini yake pameandikwa: "Haya, jioneeni wenyewe." Kufikia isha, hukumu ilikuwa imeshapita.

Basi niacheni nianze na mmoja wa wanazuoni hao, Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra karibu na mwaka 965 na kufia Cairo karibu na 1040. Kabla yake, wanahisabati wengi waliowafuata Wagiriki Euclid na Ptolemy, na hata al-Kindi wetu wa karne ya 9, walisema jicho ndilo linalotoa miale ikaenda kukigusa kile tunachokitazama. Yeye akauliza: mbona basi ukilikazia macho jua yanauma? Na ni kitu gani hicho kitokacho katika jicho dogo, kikajaza anga mpaka kwenye nyota mara tu mtu anapofumbua kope, na jicho lisipungukiwe na chochote? Akasema mwanga ndio unaotoka kwenye vitu ukaingia machoni.

Hakuishia kwenye hoja. Alipanga taa kadhaa nje ya chumba chenye giza, mbele ya tundu moja, na kila taa ikaweka doa lake la mwanga ukutani mle ndani. Akiifunika taa moja, doa lake peke yake linatoweka, mengine yanabaki. Akiifunua, linarudi pale pale lilipokuwa. Mianga yote imepita tundu moja na hakuna uliovuruga mwenzake. Subhanallah.

Lakini kilichonishika ni sehemu ya tatu ya kitabu chake cha elimu ya kuona, Kitab al-Manazir, chenye sehemu saba. Humo anaeleza makosa ya macho. Jicho lenyewe, anasema, hupokea mwanga na rangi. Kwamba huyu ni fulani, yuko umbali huu, anafanya jambo hili, hayo huletwa na akili inayopambanua na kulinganisha na yale inayoyajua tangu zamani. Na kazi hiyo hupita haraka mno hata mtu hatambui kwamba amehukumu. Anaamini ameona tu.

Kisha anataja masharti manane ili macho yaone sawasawa, yakiwemo umbali wa kiasi, mwanga wa kutosha, muda wa kutosha wa kutazama, hewa safi na jicho lenye afya. Sharti moja likivuka kiasi chake, kosa limekaribia. Mmoja wa mifano yake ni mtu anayeonekana kwa mbali, mtazamaji akamdhania kuwa ni mwingine anayemfahamu.

Sasa irudieni ile picha. Umbali: barabara nzima. Mwanga: wa magharibi. Muda: gari limeshaondoka. Mtu yule aliyatumia masharti hayo mabovu kupima kitu kizito kuliko vyote, heshima ya Muislamu! Na Mola wetu ameshasema: "Wala usiyafuate usiyo na ujuzi nayo. Hakika masikio, na macho, na moyo, hivyo vyote vitasailiwa." Moyo umetajwa pamoja na macho, kwa sababu moyo ndio uliotia maneno pale macho yaliponyamaza.

Msiniambie picha haisemi uongo. Mama yetu Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, alionekana mchana kweupe akiingia kambini juu ya ngamia anayeongozwa na Safwan, sahaba aliyemkuta ameachwa nyuma na msafara. Walioona waliona kweli. Hapakuwa na umbali wala giza. Uzushi kwamba wamezini ulizaliwa hatua moja baada ya macho, na Madina ikaumia karibu mwezi mzima mpaka Qur'ani iliposhuka na kuuliza kwa nini waumini, wanaume na wanawake, hawakuwadhania wenzao mema.

Wakati wa fitina ile Mtume (s.a.w.) alimuuliza Zaynab bint Jahsh. Na Zaynab ndiye katika wakeze aliyekuwa akishindana na Aisha kwa daraja. Neno moja tu lingemtosha. Akajibu kwamba analinda masikio yake na macho yake, na kwamba hajui juu ya Aisha ila kheri. Dada zangu, kaka zangu, nani kati yetu alisema hivyo usiku ule? Nimeyasoma yale majibu yote. Kuna aliyeweka alama ya kucheka. Kuna aliyeandika "astaghfirullah" kisha akaipeleka picha kwenye grupu jingine. Istighfari gani hiyo inayobeba nyama ya ndugu yako kutoka nyumba hii hadi ile?

Ibn al-Haytham, akiandika kumkosoa Ptolemy, alisema mwenye kuutafuta ukweli huitilia shaka dhana yake juu ya waliomtangulia, na pia hujituhumu mwenyewe anapochunguza. Alisema hayo kuhusu sayari na miale. Sisi tunashindwa kujituhumu hata tunapomjadili mwanamke ambaye mumewe tulimzika wenyewe.

Wengine wameniandikia pembeni wakiuliza, yule mwanamume ni nani hasa? Sitajibu. Hata kuwajibu ni kukubali kwamba mlikuwa na haki ya kuuliza. Mwenye dai alete mashahidi wanne kama Sura ya Nuru inavyotaka, na asiyenao anajua Sura hiyo hiyo imemwita nani.

Picha ifutweni leo kwenye simu zenu, na uliyempelekea mwambie aifute naye. Mama yule hajaonekana darsani tangu siku ile. Asiende mtu kumnong'oneza radhi kwa ujumbe wa faragha. Alivunjiwa heshima mbele ya grupu zima, basi aombwe radhi humo humo, kila mmoja kwa jina lake, kabla ya swala ya Ijumaa.