Shaba inalegea, chuma kinavunjika, na moto ni ule ule

Juzi nilikuwa Ujiji kwa mzee mmoja anayefua visu kwa springi za gari, nikaondoka na kisu kinang'aa hatari, kufika nyumbani kikaniponyoka kikadondoka kwenye sementi, paa! vipande viwili. Simlaumu sana, mimi ndo nilimharakisha, boti ilikuwa inanisubiri Kibirizi.

Kilichonisumbua ni kingine. Pale pale nilimwona akipasha waya wa shaba uliokakamaa mpaka ukawa mwekundu, akauzamisha kwenye ndoo ile ile aliyozimia kisu changu, ukatoka laini unaukunja kwa vidole. Sasa inakuwaje?

Nimekaa nimesoma, kumbe ni mambo ya atomu zinavyojipanga. Za shaba zimepangwa kama mafungu ya machungwa pale sokoni Mwanga, kila moja limekaa kwenye kishimo cha matatu ya chini, na ule mpangilio una ulinganifu mkubwa kiasi kwamba tabaka zina njia 12 za kuteleza, ndo maana shaba inavutika mpaka waya. Ukiikunjakunja makosa ya mpangilio yanajazana na kuzuiana kama bajaji kwenye kona, inakakamaa, halafu moto unazipa atomu nafasi ya kujipanga upya. Maji pale hayana kazi, ni kupoza tu usiungue. Zinki nayo imebanana vile vile, ila tabaka la tatu linakaa sawasawa juu ya la kwanza, basi njia rahisi zinabaki 3 tu, na kweli zinki haina uvumilivu wa shaba.

Chuma ndo kigeugeu. Kikiwa cha baridi atomu ziko kwenye pembe za mchemraba na moja katikati, ukikipasha kikafika nyuzi 912 (hiyo ni chuma tupu, cha springi kinaanza mapema zaidi) kinajipanga kama shaba. Hapo kinaweza kumeza kaboni (chuma cha springi kinayo kidogo ndani yake) mpaka asilimia 2 hivi, wakati kikiwa baridi hata 0.03 hakifikishi! Ukikizamisha ghafla kaboni haipati muda wa kutoka, inakwama humo ndani, mchemraba unavutika unakuwa kiboksi kirefu upande mmoja, na atomu zimekazana hakuna tena wa kumpisha mwenzake. Kigumu kweli, kinashika makali, lakini ukikidondosha ndo kama changu.

Nikarudi na vile vipande. Shikamoo mzee, marahaba, akavitazama akacheka: "Ulikimbia mwanangu, nilikuwa sijakirudisha motoni."

Safari hii nilikaa. Alinifulia kingine, akakizima kwenye ndoo, akakisugua mpaka weupe, akakiweka pembeni ya makaa taratibu mpaka kikapata rangi ya asali, inasemekana hapo ni kama nyuzi 230, kaboni kidogo inaachia. Kimeshadondoka mara mbili na jana kimepasua migebuka ndoo nzima.