Sapu ya patholojia katika maombi yangu ya rezidensi

Septemba 2023, nilipokaa kuandika maelezo binafsi ya kuombea rezidensi, yaani mafunzo ya ubingwa hospitalini, ya magonjwa ya ndani nchini Marekani, aya iliyonisumbua kuliko zote ilikuwa na sentensi tatu tu. Ilihusu mwaka 2014, ambapo nilirudia mwaka wa pili wa masomo ya udaktari hapa Tanzania baada ya kufeli patholojia, somo la jinsi magonjwa yanavyoubadili mwili, na kisha kufeli sapu yake, yaani mtihani wa marudio. Maelezo yenyewe huandikwa kwa Kiingereza, lakini mimi nilikuwa nikiwaza kwa Kiswahili, na kitenzi kilichokuwa kikinijia kila nilipoanza sentensi kilikuwa kile tulichokizoea sote mabwenini: nilifelishwa.

Mwanafunzi anayesema amefelishwa hasemi uongo wa wazi, ila viambishi viwili vidogo vimekwisha kumtwika mwalimu mzigo wote, na msikilizaji wa kwetu huyapokea maneno hayo kwa huruma bila kuuliza zaidi. Nilitafuta namna ya kuyasema kwa Kiingereza cha heshima, nikaandika kwamba nilikumbwa na mazingira magumu yaliyokuwa nje ya uwezo wangu. Nilituma maombi hayo kwa programu nyingi mno, nikaitwa kwenye usaili mmoja tu, na jioni ya Jumatatu tarehe 11 Machi 2024 nikapokea barua pepe ya kunijulisha kwamba sikupata nafasi.

Mazingira magumu hayakuwapo. Baba alilipa ada kwa wakati, sikuugua, wala hapakuwa na msiba nyumbani mwaka ule. Nilifeli kwa sababu nilikuwa nikisoma madesa na mitihani ya miaka iliyopita, nikikariri majibu kama nilivyofanya tangu sekondari, ilhali mwalimu wetu wa patholojia alikuwa na desturi ya kuweka slaidi chini ya hadubini na kumtaka mtu aeleze anachokiona. Ninaikumbuka slaidi ya ini. Niliweza kuandika ukurasa mzima kuhusu sirosisi, vinundu vyake na mikanda ya kovu inayovizunguka, na wakati huo nilikuwa nimeinamia hadubini nikiitazama sirosisi yenyewe, nikamjibu mwalimu kwamba ninaona ini la kawaida.

Njia hiyohiyo ya kusoma ndiyo iliyoniangusha tena mwaka 2021 katika Step 1, mtihani wa kwanza wa USMLE, mitihani ya leseni ya udaktari ya Marekani. Nilisafiri kwa basi kutoka Tanga, nikavuka mpaka Horohoro, nikalala Mombasa na kuendelea hadi Nairobi, kisha nikakaa kwenye kiti kimoja siku nzima nikijibu maswali 280 yaliyogawanywa katika sehemu saba za saa moja moja. Karibu kila swali lilikuwa mgonjwa mwenye umri, malalamiko na vipimo, nami nilikuwa nimebeba orodha kichwani. Mtihani huo uliacha kutoa alama tarehe 26 Januari 2022, ukabaki kusema umefaulu au umefeli, na baadhi ya wenzangu waliniambia kwamba nimeokoka. Sivyo. Transkripti ya USMLE huonyesha kila jaribio, pamoja na lile ulilofeli, na mtu haruhusiwi kuufanya mtihani wa hatua moja zaidi ya mara nne.

Kilichobadilika ni kazi. Wakati huo nilikuwa daktari katika hospitali ya rufaa ya mkoa, na nilijiwekea kanuni kwamba kila mgonjwa niliyemlaza usiku nitamwandika kwenye kaunta buku kabla ya raundi ya asubuhi: magonjwa matatu ninayoyadhania, sababu ya kila moja, na kipimo kimoja ambacho kingenifanya nibadili mawazo. Baada ya raundi niliandika kwa kalamu nyekundu alichosema daktari bingwa. Nilijaza kaunta buku nne. Step 1 niliifaulu mwaka 2022, na mwaka uliofuata nikapata alama 241 katika Step 2 CK, mtihani wa pili, wakati kiwango cha kufaulu kilikuwa 214. Lakini katika maombi ya mwaka ule sikuandika neno hata moja kuhusu kaunta buku. Niliandika kuhusu mazingira magumu.

Baada ya majibu ya Machi 2024 nililisoma faili langu kama vile ni la mtu nisiyemjua. Nilimwona mhitimu wa mwaka 2018 aliyerudia mwaka chuoni, aliyefeli Step 1 mara moja, na asiyeeleza lolote kati ya hayo kwa namna ambayo mtu angeweza kuiamini. Kuna jambo ambalo waombaji wengi wa kwetu hawaambiwi mapema: mfumo wa ERAS, ambao maombi ya rezidensi hutumwa kupitia kwake mtandaoni, unaiwezesha programu kuchuja maombi kabla hayajasomwa na yeyote, kwa mwaka wa kuhitimu, kwa idadi ya majaribio ya mtihani, au kwa aina ya viza inayokubaliwa. Programu nyingi hutaka aliyehitimu ndani ya miaka mitano. Mahali pa namna hiyo maelezo yako hayafiki mezani hata yakiwa mazuri vipi, na fedha yako imekwenda.

Fedha yenyewe si ndogo. Katika msimu ulioanza Septemba 2024, ada ilikuwa dola 11 kwa kila programu hadi ya 30, na dola 30 kwa kila moja iliyozidi hapo, hivyo programu 100 za fani moja zingegharimu dola 2,430. Nilikaa wiki nzima na orodha, nikipitia tovuti za programu moja baada ya nyingine na kuwaandikia makatibu wao pale ambapo maelezo hayakuwa wazi, nikabakiza zile ambazo hazikumfungia mlango aliyewahi kufeli mara moja, zilizopokea viza ya J-1, ile ya wageni wanaokwenda kwa mafunzo, na ambazo tayari zilikuwa na madaktari waliosoma nje ya Marekani. Zilibaki 62, nikalipa dola 1,290. Ninasema kwa dhati kabisa kwamba mwenye doa kwenye faili asitume kwa wingi akitegemea bahati. Mwaka 2024, katika mpango wa kitaifa wa Marekani wa kugawa nafasi za rezidensi, wahitimu wa nje wasio raia wa Marekani walipata nafasi kwa asilimia 58.5, na hesabu hiyo inajumuisha wale wasio na doa lolote.

Julai 2024, kabla ya kufungua maombi mapya, nilikwenda nyumbani kwa mwalimu wangu wa patholojia, ambaye amekwisha kustaafu. Nilimkuta barazani.

“Shikamoo, mwalimu.”

“Marahaba, binti yangu. Wewe si yule wa ini?”

Nilimweleza shida yangu, kwamba ninaomba barua ya mapendekezo. Alinitazama kwa muda.

“Unataka niandike kwamba ulifeli somo langu?”

“Ndiyo, mwalimu. Na uandike pia ulichokiona mwaka uliofuata, ulipokuwa unaniachia funguo za maabara jioni.”

Aliingia ndani kutafuta miwani, akarudi na karatasi, akaanza kuniuliza tarehe. Barua yenyewe sikuisoma hadi leo, kwa kuwa nilisaini kuachia haki ya kuiona, jambo ambalo ningemshauri kila mwombaji alifanye. Mimi nilirudi nyumbani nikaifuta aya yangu ya mwaka uliotangulia na kuandika upya, nikianza na kwamba nilifeli patholojia kwa sababu nilikuwa nikikariri nisichokielewa, na kwamba nilifeli Step 1 kwa sababu hiyohiyo. Baada ya hapo nikaeleza kaunta buku. Sikuomba radhi, wala sikuongeza huzuni yoyote. Aya nzima ilikuwa na sentensi tano, na zilizobaki katika maelezo zilihusu wagonjwa.

Safari hiyo niliitwa kwenye usaili mara sita, wote kwa njia ya video. Ule ninaoukumbuka zaidi ulianza saa nne usiku kwa saa za kwetu. Nilikuwa nimezima feni ili mlio wake usisikike, na jasho lilikuwa likinitiririka mgongoni ndani ya koti. Mkurugenzi wa programu alikuwa ameisoma barua ya mwalimu. Hakuniuliza kwa nini nilifeli, kwa sababu jibu alikuwa nalo mezani. Aliniuliza ni mgonjwa gani wa karibuni ambaye nilimkosea. Nilimweleza mama mmoja niliyemlaza kwa dhana ya nimonia, kumbe ni moyo ulioshindwa kwa sababu ya valvu ya mitrali, mmoja wa milango ya moyo, iliyobana, na nikamsomea kutoka kwenye daftari nilichokuwa nimeandika usiku ule na kilichoandikwa kwa wekundu asubuhi yake. Tulizungumza juu ya mgonjwa huyo hadi muda ukaisha.

Tarehe 17 Machi 2025 barua pepe ilisema nimepata nafasi, na Ijumaa ya wiki hiyo nikajua kwamba ni kwa mkurugenzi yuleyule, katika hospitali ya jamii jimboni Illinois. Kilichobaki kilikuwa viza. Kwa J-1 inatakiwa barua ya Wizara ya Afya ya nchi yako ikithibitisha kwamba taifa linahitaji bingwa wa fani unayokwenda kusomea, na mwenye viza hiyo hutakiwa kurudi kwao kwa miaka miwili amalizapo mafunzo, isipokuwa akipata msamaha. Niliifuata Dodoma. Ilipotoka niliipiga picha nikamtumia mwalimu wangu, naye akanijibu jioni ileile akiuliza kama huko nako raundi huanza saa moja asubuhi.