Namba ya tarakimu 315,653

Kuna namba imenikaa kwa kichwa wiki hii yote, hata kwa mat naifikiria. Panga mbili 1,048,576 uzizidishe zote pamoja halafu uongeze 1. Jibu lina tarakimu 315,653 na linaishia na 7. Mwaka 1987 watafiti Young na Buell walihakikisha kwa kompyuta kwamba hiyo namba si tasa, yaani lazima igawanyike, na mpaka leo hakuna mtu anajua hata kigawo kimoja chake. Hata kimoja tu!

Nilimwambia binti ya bro yangu, yuko form two na anakaa na sisi huku Umoja, akaniuliza, "Sasa auntie, kama hawajui inagawanywa na nini, wamejuaje inagawanyika?" Hilo swali ndilo lenyewe kabisa. Nikachukua karatasi. Fermat, yule Mfaransa wa karne ya 17, aligundua kwamba ukiwa na namba tasa kubwa kuliko 2, tuseme 7, ukizidisha mbili sita (moja pungufu ya 7) unapata 64, ukigawa kwa 7 inabaki 1, na kwa namba tasa zote hizo lazima ibaki 1. Haya sasa chukua 9. Mbili nane zinaleta 256, gawa kwa 9, inabaki 4. Basi 9 si tasa, imeisha hiyo, na umeona hatujagusa 3 mahali popote? Ni kama daktari anapima damu anakwambia una malaria na hajamwona mbu aliyekuuma.

Ile kubwa ilipimwa na jaribio la Pépin la 1877, ambalo linatumia 3 badala ya 2, lakini wazo ni la ukoo mmoja. Baki ikikataa, namba imekataa, na hiyo baki haikuambii vigawo viko wapi.

Huyo huyo Fermat aliamini namba za aina hii (unazidisha mbili 1, 2, 4, 8, 16, idadi ikienda maradufu, halafu unaongeza 1) zote ni tasa, maana 3, 5, 17, 257 na 65,537 kweli ni tasa. Mwaka 1732 mwanahisabati Euler akaonyesha inayofuata, 4,294,967,297, ni 641 mara 6,700,417. Baadaye akathibitisha vigawo vyake lazima viwe na umbo fulani, 641 ni 10 mara 64 ongeza 1. Kwa hii kubwa pia tunajua, kila kigawo chake tasa ukikigawa kwa 4,194,304 lazima ibaki 1. Yaani tunajua sura ya kitu hakuna mtu amewahi kuona, na hiyo kwangu ni uzuri kuliko kukipata chenyewe, kwa sababu huwezi kufika hapo kwa kujaribu jaribu, unafika kwa kufikiri tu.

Huyu msichana sasa amepima 15 na 21 mwenyewe, zote zimebakisha 4, na ameshaamua kila namba ikibakisha 1 ni tasa. Jumamosi nampatia 341. Inabakisha 1 vizuri kabisa, na ni 11 mara 31.